Kuvuta si kukimbia: tuwafunze vijana lugha ya injini

Katika vituo vya bodaboda nchini, hasa adhuhuri jua linapokuwa kali na abiria wameadimika, kuna ubishi mmoja usiokosa kuzuka. Mwendeshaji aliyekula chumvi nyingi atadai kwamba pikipiki za zamani ndizo zilizokuwa na nguvu za kweli, na kwamba hizi za siku hizi ni za kuwapumbaza watoto. Kijana atamjibu kwamba mzee amepitwa na wakati, kwa kuwa pikipiki mpya humwacha nyuma kabla hajamaliza kubadilisha gia. Mzee atamtupia methali kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, naye kijana atacheka, aiwashe pikipiki yake na kwenda zake. Kesho yake ubishi utaanza upya, na hakuna atakayekuwa amejifunza lolote kutoka kwa mwenzake.

Ubishi huu hauishii vituoni. Nimeusikia katika vyumba vya walimu, na nimeusikia chuoni kutoka kwa wanafunzi wangu, ambao baadhi yao hujitafutia karo kwa kuendesha bodaboda wakati wa likizo. Kwa kuwa taaluma yangu ni isimu wala si uhandisi, msomaji ana haki ya kuniuliza nimeingiliaje mambo ya mafundi. Nimeyaingilia kwa sababu, kila ninapousikiliza ubishi huu, naona kwamba chanzo chake kimo katika neno moja ambalo wote wawili hulitumia huku kila mmoja akiwa na maana yake. Neno hilo ni nguvu.

Tunapotaja nguvu za injini huwa tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni uwezo wa injini wa kusokota mhimili wake mkuu, sawa na fundi anavyoikaza nati kwa spana. Spana ikiwa na urefu wa mita moja, nawe ukauning'iniza mzigo wa kilo moja kwenye ncha yake, utapata msokoto wa takriban nyutoni-mita 10. Wala si lazima nati izunguke. Msokoto upo hata nati ikikataa kabisa kusogea. Jambo la pili ni kasi ya kufanya kazi, ambayo ndiyo ipimwayo kwa farasi. Kwa kipimo cha metriki, farasi mmoja ni uwezo wa kuinua uzito wa kilo 75, yaani mtu mzima, kwa kimo cha mita moja katika sekunde moja. Hapa muda umeingia. Anayeinua mzigo uo huo kwa sekunde mbili amefanya kazi ile ile, lakini ana nusu ya farasi.

Mambo haya mawili yanahusiana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ukizidisha msokoto, katika nyutoni-mita, kwa idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 9,549, utapata nguvu katika kilowati. Maana yake ni kwamba injini inaweza kuongezewa farasi kwa njia mbili: ama isokote kwa mkazo zaidi, ama izunguke haraka zaidi. Historia ya pikipiki tangu vita vikuu vya pili vya dunia, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuifuata njia hiyo ya pili.

Tuchukue mfano kutoka Uingereza na Japani, kwa kuwa huko ndiko vilikotoka viwanda vilivyoongoza katika pikipiki kwa zamu, na takwimu zao zinajulikana. Mwaka wa 1959 kampuni ya Triumph ya Uingereza ilianza kuuza pikipiki iliyoitwa Bonneville T120, jina lililotokana na uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, ambako madereva hushindania rekodi za kasi. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zenye ujazo wa cc 649, na ilitoa farasi 46 ilipofikia mizunguko 6,500 kwa dakika. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1969, Honda ya Japani ilileta CB750, yenye silinda nne, cc 736 na farasi 67 kwenye mizunguko 8,000. Ilikuwa na kitufe cha kuiwashia, na haikumlazimu mwenyewe kuipiga teke kila asubuhi. Tangu hapo viwanda vya Uingereza havikupata tena usingizi, na kile cha Triumph kilichokuwa Meriden kilifungwa mwaka wa 1983.

Turuke sasa hadi mwaka wa 1999, Yamaha ilipotoa R6. Injini yake ina cc 599, yaani ni ndogo kuliko ile ya Bonneville ya 1959. Hata hivyo ilitangazwa kuwa na takriban farasi 120, zinazopatikana kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo kijana wetu wa kituoni ameshinda, tena ameshinda vibaya: injini ndogo imeizidi kubwa kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Lakini tuirudie ile kanuni yetu. Bonneville, ilipokuwa kwenye kilele cha nguvu zake, ilisokota kwa takriban nyutoni-mita 50. R6, kwenye kilele chake, husokota kwa takriban nyutoni-mita 65. Kwa hiyo, katika muda wa miaka 40, msokoto umeongezeka kwa sehemu tatu tu kati ya kumi. Kilichobaki chote kimetokana na mizunguko iliyoongezeka maradufu. Mwendeshaji wa R6 ambaye hathubutu kuifikisha injini yake kwenye mizunguko hiyo ya juu amenunua farasi 120 na kuwafungia zizini.

Iweje basi injini moja izunguke mara mbili ya nyingine bila kuvunjika? Jibu limo katika umbo la silinda. Katika Bonneville ya kale, silinda ilikuwa na upana wa milimita 71, na pistoni ilisafiri milimita 82 kutoka chini hadi juu. Katika R6 upana ni milimita 65.5, na safari ya pistoni ni milimita 44.5 tu. Silinda ya kale ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Ya sasa ni pana kuliko urefu wake. Ukikokotoa mwendo wa wastani wa pistoni, utaona kwamba ya 1959 ilikwenda takriban mita 18 kwa sekunde kwenye kilele chake, na ya 1999 takriban mita 19. Tofauti ni ndogo mno. Chuma hakikubadilika kiasi cha kushangaza. Wahandisi waliifupisha safari ili pistoni iweze kwenda na kurudi mara nyingi zaidi kwa dakika. Aidha waliongeza valvu, kutoka mbili hadi nne kwa kila silinda, ili injini iweze kuvuta pumzi katika muda huo mfupi.

Hapo ndipo mzee naye anapopata haki yake. Injini ya kale, yenye safari ndefu ya pistoni, magurudumu mazito ndani yake na valvu chache, ilitoa sehemu kubwa ya msokoto wake ikiwa bado inazunguka polepole. Mwendeshaji aliifungulia mafuta kidogo tu akaihisi ikimsukuma mgongoni, bila kelele nyingi na bila kubadilisha gia kila mara. Alipofika mlimani hakuogopa. Injini ya R6, kwa upande wake, ikiwa kwenye mizunguko 3,000 huwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sharti uisubiri ipande, na ikishapanda hukurusha mbele kwa ghafla. Anayezipima kwa karatasi ataona farasi 46 na farasi 120. Anayezipima kwa mikono na mgongo wake, akiwa nyuma ya lori kwenye barabara yenye mashimo, anaweza kupata jawabu jingine kabisa.

Wenye viwanda wenyewe wamelikubali jambo hili. Triumph ilifufuliwa Hinckley, na mwaka wa 2016 ikatoa Bonneville T120 mpya yenye cc 1,200. Injini hiyo, iliyo na ukubwa maradufu wa ile ya R6, hutoa takriban farasi 80 tu. Je, wahandisi walishindwa? La hasha. Walichokitafuta kilikuwa msokoto, nao wakaupata: nyutoni-mita 105, tena kwenye mizunguko 3,100 pekee. Kampuni iyo hiyo, mwaka uo huo, iliichukua injini hiyo na kuirekebisha kwa ajili ya pikipiki nyingine, Thruxton, ikatoa takriban farasi 97. Lakini hapo kilele cha msokoto kilipanda hadi kwenye mizunguko karibu 5,000. Injini ni moja na ukubwa ni mmoja, ila ladha ni mbili. Mnunuzi ndiye aliyeachiwa aamue anachokitaka. Ili aamue, lakini, lazima kwanza ajue kwamba kuna mambo mawili ya kuamua.

Sasa tuirudishe hoja nyumbani, kwa maana hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko katika nchi ambazo pikipiki ni kitu cha starehe za Jumapili. Bodaboda za mwanzo, zile za mpakani Busia, zilikuwa baiskeli. Mwaka wa 2008 Serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizozidi cc 250, injini zilimiminika hadi vijijini, na leo maelfu ya familia hula, huvaa na kusoma kwa jasho la injini ya cc 125 au cc 150. Nyingi kati ya hizo ni za ukoo wa CG125, injini ambayo Honda iliibuni katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na ambayo viwanda vya Uchina viliiiga kwa wingi. Katika kuibuni, Honda ilirudi nyuma makusudi: iliacha mtindo mpya wa kuziendesha valvu kutoka juu kwa cheni, ikarudia vijiti vya kale vya kuzisukuma kutoka chini. Ilifanya hivyo kwa kuwa ilijua kwamba injini hiyo itabebeshwa mizigo mizito, na kwamba matengenezo yatachelewa. Hiyo ilikuwa hekima, wala si ushamba.

Kabla ya hizo, wenye umri wangu wanazikumbuka pikipiki za Yamaha za maafisa wa mifugo na wa kilimo, zile zilizoacha moshi wa buluu nyuma yake. Injini zake zilichoma petroli katika kila mzunguko, ilhali hizi za sasa huchoma katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo, licha ya udogo wake, zilikuwa nyepesi na zenye haraka, na mzee anayezisifu hasemi uongo. Anachosahau kusema ni kwamba zilichoma oili pamoja na petroli, na kwamba moshi ule ulikuwa mali ya umma ikipotea hewani. Injini ya sasa hutumia petroli kidogo kwa safari ile ile, na kwa mtu anayelipia mafuta yake kwa sarafu za abiria, hiyo nayo ni nguvu.

Zaidi ya hayo kuna suala la nchi yetu kuwa na miinuko. Pikipiki inayofanya kazi Mombasa, usawa wa bahari, ikipelekwa Limuru, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, hukutana na hewa iliyopungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Na injini isiyopata hewa haipati nguvu. Kabureta ya kale haitambui kwamba imepanda mlima. Huendelea kumimina petroli kana kwamba bado iko pwani, plagi ikachafuka na mafuta yakapotea bure. Mfumo mpya wa kupuliza petroli, unaoongozwa na kompyuta, hupima hewa na kupunguza petroli ipasavyo. Hauwezi kuirudisha hewa iliyokosekana, lakini huitumia vyema iliyopo. Kwa upande mwingine, kabureta ikiziba, fundi wa jua kali ataifungua chini ya mti na kuisafisha kwa nusu saa. Kompyuta ikiharibika, mti huo hautamsaidia. Kila upande, basi, una fadhila zake na gharama zake.

Limebaki jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni hisia. Wengi huidharau hisia wakidhani ni anasa ya washabiki. Mimi naiona kuwa ni lugha. Injini ya kale ilisema na mwendeshaji wake. Katika Bonneville ya 1959 pistoni zote mbili zilipanda na kushuka kwa pamoja, na mtetemo wake uliingia mikononi hadi vidole vikafa ganzi. Ulikuwa ni usumbufu, naam, lakini ulikuwa pia ni onyo: mwili wote ulifahamu kwamba sasa tunakwenda mbio. Injini nyingi za sasa zimewekewa vyuma vya kusawazisha mtetemo, na bomba la moshi limenyamazishwa. Kasi iliyomtisha babu haimwamshi mjukuu. Mwili haumwambii lolote, na macho yake yako kwenye simu ya mteja wa pili.

Mwaka wa 2023 zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, na waendeshaji na abiria wa pikipiki walikuwa fungu kubwa miongoni mwao. Sitathubutu kudai kwamba injini tulivu ndizo zilizowaua. Kuna ulevi, kuna barabara mbovu, kuna malori yasiyo na taa na kuna kofia za chuma zilizoachwa nyumbani. Ninachodai ni kwamba mashine inapoacha kumwonya mwendeshaji, maarifa hayana budi kushika nafasi ya onyo hilo. Nasi hatujayatoa maarifa hayo. Tumewapa vijana mashine zinazonong'ona, hali tukiwafunza kusikia kelele peke yake.

Tena tunaingia katika zama ambapo hata mnong'ono utatoweka. Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana kwa wingi jijini Nairobi. Ajabu ni kwamba mota ya umeme, iliyo mpya kuliko zote, ina fadhila ile ile ambayo mzee wa kituoni anaililia: msokoto wake wote hupatikana tangu mzunguko wa kwanza. Huvuta kutoka pale iliposimama, bila klachi na bila kusubiri. Mzee akiipanda ataijua mara moja. Lakini haitoi sauti, nayo humrusha mbele asiyejua kuwa sauti na nguvu ni vitu viwili.

Walimu wenzangu, hapa ndipo lilipo jukumu letu. Fizikia nchini hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri kanuni za msokoto na nguvu, akazijibu katika mtihani, kisha akatoka nje ya lango la shule na kuinunua pikipiki kwa kutazama namba ya cc na rangi ya tangi. Hukopa, huahidi kulipa kila siku, kisha huipakia magunia mawili ya mahindi pikipiki iliyoundwa ili ikimbie. Mlimani injini inakataa. Anaishikilia klachi nusu nusu ili izunguke juu, klachi inaungua, na deni linabaki. Kijana huyo alipata alama nzuri katika fizikia. Hakuna aliyemwonyesha kwamba fizikia ile ilikuwa ikizungumza habari zake.

Na ilhali maneno tunayo. Sikilizeni mafundi. Fundi hasemi tu kwamba pikipiki ina nguvu. Husema hii inavuta, ile inakimbia. Hii inavuta chini, ile mpaka ilie ndipo iende. Nomino yetu moja imeyavuruga mambo mawili, lakini vitenzi vimeyatenga barabara. Kuvuta ndio msokoto. Kukimbia ndio farasi. Mwalimu wa fizikia akianzia hapo, kisha akaiandika kanuni ubaoni, atakuwa ameijenga nyumba juu ya msingi ambao mtoto alikuja nao kutoka kwao. Naye mwalimu wa Kiswahili asiseme kwamba hayo hayamhusu. Insha ya kulinganisha injini mbili, kwa takwimu na kwa hisia, itamfunza mwanafunzi usahihi wa maneno kuliko insha kumi za siku nisiyoisahau. Mtaala wa umilisi, unaochukua mahali pa ule wa 8-4-4, unatuhimiza tuunganishe masomo na maisha. Pikipiki imesimama nje ya dirisha la darasa. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuielekezea kidole.

Ninyi wanafunzi nanyi, mtakapousikia ubishi wa kituoni, msijiunge na upande wowote kabla ya kuuliza swali moja: nguvu ipi, kwenye mizunguko mingapi, na kwa kazi gani? Atakayebeba magunia katika miteremko na miinuko ya Nandi atafute inayovuta. Atakayesafiri mbali katika barabara ya lami, akiwa peke yake, anaweza kuitafuta inayokimbia, mradi akumbuke kwamba utulivu wake ni mtego. Na yeyote kati yenu atakayerithi pikipiki kuukuu ya babu asiidharau, wala asiiabudu. Aifungue, aipime silinda yake, afanye hesabu.

Siku ambapo mzee na kijana wa kituoni watatumia maneno mawili badala ya moja, watagundua kwamba hawakuwa wakipingana kamwe. Kila mmoja alikuwa amepanda pikipiki aliyoijua, akasema kweli juu yake. Tuliokuwa kimya ni sisi tuliosomea, na kimya chetu kimekwisha kuwagharimu vijana pesa zao na, mara nyingine, uhai wao.